Benyamini: mtoto aliyepewa majina mawili

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wazazi, wasimamizi wa ubatizo na wahudumu wa afya wa vijiji vya Masasi na Newala)

  

Walimu wa ubatizo walituomba tuzungumze juu ya majina. Wanapoandika watoto kwenye daftari huuliza, "Jina hili lina maana gani?" Mzazi hujibu, "Ni jina la kwenye Biblia." Jibu hilo ni la kweli, lakini ni fupi mno. Hata Yuda Iskariote yumo kwenye Biblia, na hatujaona mzazi aliyemtaka.

Tungeweza kupitia majina kumi au ishirini kwa haraka. Tumeona ni afadhali tuchukue moja, tukae nalo. Tumechagua Benyamini, au Benjamini kama wengi wetu tunavyolitamka. Ni jina linalopendwa sana huku kwetu, na sababu yake mnaijua. Lakini pia ni jina lililotolewa saa ile ile mama alipokuwa akikata roho kwa uzazi, na sisi tunaofanya kazi ya afya vijijini hatuwezi kulitaja bila kumkumbuka mama huyo.

Njiani kwenda Efrathi

Habari yenyewe iko katika Mwanzo 35, kuanzia mstari wa 16. Yakobo na jamaa yake wameondoka Betheli, wako safarini kwenda Efrathi, yaani Bethlehemu. Raheli ana mimba, tena imekwisha komaa. Umebaki mwendo kidogo wafike, uchungu ukamshika, na ukawa mzito. Mkunga alikuwepo. Akamtuliza kwa kumwambia asiogope, kwa maana amepata mtoto mwingine wa kiume. Raheli alikuwa anakufa. Akamwita mtoto Benoni. Baba yake akamwita Benyamini. Raheli akazikwa pale pale kando ya njia, na Yakobo akasimamisha nguzo juu ya kaburi.

Ili tuelewe uzito wa saa ile turudi nyuma kidogo. Raheli alikaa miaka mingi bila mtoto, na wakati mmoja alimwambia mumewe kwamba asipopata watoto atakufa. Alipompata mzaliwa wake wa kwanza alimwita Yusufu, na jina hilo lenyewe ni ombi: Mungu aniongezee mwingine. Kwa hiyo mtoto huyu wa njiani ndiye aliyeombwa. Sala ilijibiwa, na mwombaji akafa siku ya jibu. Tusiharakishe kuifanya habari hii iwe tamu.

Tena wapo wahubiri wanaosema Raheli alikufa kwa sababu aliiba miungu ya baba yake Labani, na Yakobo bila kujua alikuwa amemlaani aliyeiiba. Somo la sura ya 35 halisemi hivyo. Linasema alishikwa na uchungu mzito. Tunalisema hili kwa sauti kubwa kwa sababu desturi ya kumlaumu mama anayeteseka na uchungu bado ipo vijijini mwetu. Mama akichelewa kujifungua, badala ya kutafutiwa usafiri huambiwa ataje wanaume aliotembea nao. Saa mbili, tatu, zinapita watu wakingoja aungame, na kumbe mtoto amelala vibaya au njia ni nyembamba. Hiyo si kazi ya dhambi yake. Ni kazi ya chumba cha upasuaji.

Uchungu, na mkono wa kuume

Sasa tuyatazame majina yenyewe. *Ben* kwa Kiebrania ni mwana, ndugu yake "bin" tunayoijua sote. *Oni* hutafsiriwa uchungu au huzuni yangu. Kiswahili chetu hapa kimebahatika, kwa kuwa neno "uchungu" linabeba yote mawili: maumivu ya moyo na maumivu ya kuzaa. Mwana wa uchungu wangu. Mama yeyote aliyepita wodi ya wazazi analielewa jina hilo bila mwalimu. Wataalamu wengine huongeza kwamba neno hilo laweza pia kusomwa kama "nguvu", mwana wa nguvu zangu, yaani nguvu za mwisho alizokuwa nazo. Hatuwezi kumwuliza Raheli alikusudia lipi. Huenda yote mawili. Na tusidhani jina hilo ni mwiko: jirani zetu Uganda wanao akina Benoni wengi, na wengi wao ni watu wa furaha.

*Yamini* ni mkono wa kuume. Nalo si neno geni kwetu, maana limefika katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu. Mtu anapokula yamini anaapa, na anapoapa huinua mkono wake wa kuume. Basi Benyamini ni Bin Yamini, mwana wa mkono wa kuume, mkono wa heshima, mkono unaotumika kubariki na kushikana ahadi. Ndugu zetu Waislamu nao wanamjua kwa jina la Binyamini, ndugu yake Yusufu kwa baba na mama.

Liko jambo jingine ambalo watu wa huku watalifurahia. Waebrania walipotaka kutaja pande za dunia walisimama wakielekea jua linakochomoza. Jaribuni wenyewe kesho asubuhi. Ukisimama Newala ukilitazama jua likitoka, mkono wako wa kuume unaelekea wapi? Unaelekea bonde la Ruvuma na Msumbiji. Kusini! Kwa hiyo neno lile lile la mkono wa kuume lilimaanisha pia kusini, na wengi husema hata nchi ya Yemen ilipata jina lake kwa njia hiyo. Wapo wanaosoma Benyamini kuwa ni mwana wa kusini, na kweli kabila la Benyamini lilikaa kusini mwa ndugu zao wa Efraimu.

Tumeona mnacheka. Mnamfikiria Mzee Mkapa, nasi pia. Benjamin William Mkapa, mwana wa Lupaso, alizaliwa mwaka 1938, akasoma Ndanda, akawa Rais wa awamu ya tatu kuanzia 1995 hadi 2005, na Julai 2020 akarudishwa kuzikwa kijijini kwao Lupaso. Waliompa jina hilo huenda hawakuwa na habari ya kusini kwa Kiebrania. Lakini mnakumbuka mvua za masika zilivyokuwa zikitukatia njia pale Rufiji, watu na mizigo wakilala ng'ambo wakingoja kivuko. Mwaka 2003 likafunguliwa daraja la karibu kilomita moja, na likaitwa kwa jina lake. Mwana wa kusini akawaunganisha watu wa kusini na wenzao.

Hatusemi haya ili mwite kila mtoto Benjamini mkitegemea atakuwa Rais. Jina si hirizi. Kabila la Benyamini lenyewe, ukisoma mwisho wa kitabu cha Waamuzi, lilifanya uovu mkubwa mjini Gibea likakaribia kufutika lote. Kutoka humo humo akatoka mfalme Sauli aliyeanza vizuri akamaliza vibaya, na karne nyingi baadaye akatoka Sauli mwingine, wa Tarso, aliyeanza vibaya akawa Mtume Paulo. Na kuna jambo la kuchekesha: hao wana wa mkono wa kuume walisifika kwa kutumia mkono wa kushoto! Ehudi aliyewaokoa Waisraeli alikuwa Mbenyamini wa shoto, na kulikuwa na Wabenyamini 700 wa shoto waliorusha jiwe kwa teo bila kukosa. Mzazi unayemchapa mwanao kwa sababu anaandika kwa kushoto, kasome Waamuzi 3 na 20 kabla ya kuchukua fimbo.

Akina Shida na akina Tabu

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Sisi nasi tunao akina Benoni, ila tunawaita kwa Kiswahili: Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko. Mtoto amezaliwa mwaka wa njaa, ni Shida. Baba amemkimbia mama mimba ikiwa changa, ni Mashaka. Mama amefariki, ni Tabu. Majina hayo si ya kudharauliwa. Mama asiyejua kuandika hana daftari la kumbukumbu. Jina la mtoto ndilo daftari lake, na kila anapomwita anasoma ukurasa ule. Wengi wenye majina hayo wameishi vizuri na kuheshimika. Lakini tumekutana pia na watoto wanaoulizwa na wenzao shuleni, "Wewe ndiye uliyemuua mama yako?" Hapo jina limeacha kuwa kumbukumbu, limekuwa hukumu.

Katika kijiji kimoja cha huku chini ya mlima tulikuta nyumba imegawanyika kwa jambo hili. Binti alijifungua nyumbani, akatoka damu nyingi, akafariki gari likiwa bado linatafutwa. Kabla hajafariki alisema mtoto aitwe Tabu. Baba wa mtoto alipomleta kwenye ubatizo alitaka aandikwe Benyamini. Alikuwa amesikia mahubiri. Bibi, mama yake marehemu, akakataa katakata. Alisema: "Jina hilo ni neno la mwisho la mwanangu. Mkilifuta mtakuwa mmemzika mara mbili."

Hatukuwa na la kumjibu bibi. Tulikaa kimya muda mrefu. Mjomba wa mtoto ndiye aliyeongea, na huku kwetu mnajua, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo ni wa upande wa mama, mjomba akiongea watu husikiliza. (Kwa kweli Yakobo angekuwa mkwe wa watu wa Newala asingebadilisha jina la mtoto peke yake namna ile, kaka yake Raheli angeitwa kwanza.) Mjomba akasema kwenye daftari na kwenye cheti aandikwe Benyamini, na kwa bibi yake ataendelea kuitwa Tabu mpaka siku atakapotoka jandoni. Huko, akasema, atapata jina jingine tena, na hakuna atakayegombana.

Mzee yule alitufundisha kitu. Sisi watu wa huku tunajua tangu zamani kwamba jina la utotoni si la milele. Anayetoka jandoni au unyagoni huja na jina jipya, na kumwita mtu mzima kwa jina la utoto ni kumtukana. Kanisa letu halikuwa geni kwa jambo hilo: Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, badala ya kulifukuza jando alilitafutia nafasi katika maisha ya Kikristo. Kubadilisha jina, basi, si uzungu na si usaliti.

Tuangalie tena alichofanya Yakobo. Ndugu zake Benyamini walipozaliwa, majina na maana zake vilitoka vinywani mwa mama zao, Lea na Raheli. Huyu wa mwisho ndiye pekee ambaye baba aliingilia kati. Kwa nini? Somo halielezi. Sisi tunaona hivi: Yakobo alijua kuishi na jina baya. Yeye mwenyewe aliitwa mshika kisigino, mdanganyifu, miaka yote hadi usiku ule wa kushindana pale Yaboki alipoitwa Israeli. Aliyebadilishiwa jina na Mungu hakukubali mwanawe atembee na msiba mgongoni.

Lakini hakulifuta neno la Raheli. Alijenga nguzo. Na Biblia imeandika majina yote mawili katika mstari mmoja, la mama kwanza. Tunaona hiyo ndiyo njia: mtoto abebe baraka, na uchungu uwekwe mahali pake, kwenye kaburi lenye alama na kwenye kumbukumbu ya ukoo.

Wengine watauliza kama ni lazima jina la ubatizo liwe la Kiebrania au la kizungu. Si lazima. Masasi yetu ilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipokuja kutoka Unguja na watu zaidi ya 50 waliokuwa watumwa wakaachwa huru. Baadaye akaja huku kufanya kazi kijana wa Kiyao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, Cecil Majaliwa, naye mwaka 1890 akawa kasisi wa kwanza Mwafrika katika misheni ile, akihudumu Chitangali. Cecil ni jina lililotoka katika neno la Kilatini la kipofu. Majaliwa ni aliyejaliwa na Mungu. Sasa tuambieni, kati ya hayo mawili lipi lilihubiri?

Nguzo kando ya njia

Tusimalizie kwenye majina tukamsahau Raheli. Mkunga wake alikuwepo na maneno mazuri alikuwa nayo. Hakuwa na kitu kingine mkononi. Sisi leo tunacho. Mama wa leo anayetoka damu baada ya kujifungua anaweza kuokolewa kwa sindano, kwa dripu na kwa damu ya kuongezewa, akifika mapema. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ni makubwa kuliko hayo 104, lakini nayo yanaonesha kushuka. Watu wamefanya kazi. Huku kwetu kazi hiyo ina mizizi: Daktari Leader Stirling alifika mwaka 1935 na kutibu watu Masasi na Lulindi, akaishia kuwa Waziri wa Afya, Wabenediktini wako Ndanda tangu 1906, na taasisi ya Mzee Mkapa, iliyoanzishwa 2006, imepeleka wahudumu wa afya na kujenga nyumba zao katika wilaya ambazo wengi hawakutaka kupangiwa.

Wataalamu husema mama hufa kwa kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa akishafika. La tatu ni la hospitali, na tutaendelea kuwasumbua wahusika. Mawili ya kwanza ni yetu sisi tuliokaa hapa. Nani nyumbani ana ruhusa ya kusema "twende"? Kama ni mume, na mume yuko shamba la mikorosho huko mbali, mama angoje? Usiku wa masika, barabara ya kuteremka mlima imeharibika, ni bodaboda ya nani? Machela iko wapi?

Mnakumbuka Benyamini alipokua, njaa ilipowalazimisha ndugu zake kumpeleka Misri, Yakobo alimng'ang'ania asimwachie. Aliyemfanya amwachie ni Yuda. Alijitoa kuwa dhamana: nisipomrudisha, lawama iwe juu yangu siku zote. Na Misri, mambo yalipoharibika, Yuda hakukana dhamana yake. Aliomba abaki yeye mtumwa, kijana arudi kwa baba yake. Ndugu yule yule ambaye zamani alishauri Yusufu auzwe. Msimamizi wa ubatizo, hiyo ndiyo kazi unayoikubali unaposimama kwenye kisima cha ubatizo. Umekula yamini kwa ajili ya mtoto wa mtu. Na tunawaomba muanze kuishika kabla hajazaliwa.

Kwa hiyo tumepanga hivi. Baada ya chakula tutakaa kwa vijiji, si kwa madhehebu. Kila kijiji kiandike kwenye karatasi mambo manne: majina ya akina mama wenye mimba ya miezi saba na zaidi, jina la mtu mmoja kwa kila mama atakayemsindikiza, namba ya simu ya mwenye chombo cha usafiri aliyekubali kuamshwa usiku, pamoja na nauli ilipo na anayeishika, na majina ya akina mama waliofariki kwa uzazi kijijini hapo, kwa kadiri mnavyowakumbuka. Hayo ya mwisho yatasomwa kwenye ibada ya jioni. Kama mtoto wake yupo hai, andikeni na jina lake. Walio na watoto wasio na vyeti vya kuzaliwa wabaki na mwenzetu pale chini ya mwembe. Kwa walio chini ya miaka mitano cheti hakilipiwi, na anayetaka kuandika jina ambalo nyumbani bado hamjapatana, aje na mjomba.